Nusu ya Uso wa Mama

Picha moja ya mama yangu ilinigharimu shilingi elfu sitini na tatu na mia nane. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya kwanza nilipata elfu sitini na tatu kamili, nikaishuku kwa sababu hakuna kitu hapa mjini Lodwar kinachoishia kwa sifuri tatu, na kweli nilikuwa nimesahau flashi ya mia nane. Humo mna kompyuta, skrini, skana, printa, wino, karatasi za picha, kamera, sidii ya programu, malipo ya fundi na safari tano za kwenda Kakuma na kurudi. Mwaka 2012 pesa hizo zilikuwa mbuzi ishirini, na kwa mdomo wangu ningepata na wa ishirini na moja.

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka huo. Sikulia. Wengine walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema Mungu amenipa nguvu, na mimi nilikuwa nahesabu viti vya kukodi. Vilikuja sitini, vikarudi sitini. Mwenye viti alishangaa, akasema haijawahi kutokea kwenye mazishi.

Baada ya wiki mbili nilikwenda ofisi ya usajili kufuata cheti cha kifo. Karani akaomba kitambulisho cha marehemu. Ndio utaratibu, mtu akifa kitambulisho chake kinarudi serikalini. Nikampa. Mimi nauza viatu vya mitumba. Sinunui hata kamba ya kiatu bila kuivuta kwanza. Siku hiyo nilidai risiti, nikasoma tarehe, nikahesabu chenji, nikahesabu tena, nikatoka. Nilikuwa nimekaribia daraja nilipokumbuka kwamba kwenye kile kitambulisho ndiko ilikokuwa picha pekee ya mama akiangalia mbele.

Nilirudi mbio.

"Mama, imeshaingia kwa bahasha," karani akasema.

"Si uifungue."

"Bahasha si yangu, ni ya serikali."

"Na gundi ni ya nani?"

Alicheka. Mimi sikucheka, lakini sikukasirika pia. Nilisimama pale kama mtu anayesubiri zamu yake ilhali zamu imeshapita.

Ikabaki picha moja tu. Ilipigwa Kalokol, kwenye Ghuba ya Ferguson, alikokuwa akienda kununua samaki wakavu wa kuja kuuza mjini. Wanawake wanne wamesimama kando ya mashua, jua kali, na mama yuko mwisho, kichwa kimegeuka kidogo. Upande wa kulia wa uso unaonekana. Wa kushoto ni kivuli cheusi kama mkaa. Uso mzima ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa dole gumba langu, nilipima.

Kanisani kwetu, mwaka ukiisha tangu mtu azikwe, huwa kuna ibada ya shukrani. Picha yake kubwa inawekwa mbele kwenye fremu, watu wanapita wanaigusa, halafu inarudi nyumbani kutundikwa. Nyumba zote za mtaa wetu zina picha hizo. Kaka yangu mkubwa, mlinzi wa ghala huko Lokichoggio, aliniambia siku ya mazishi, "Wewe ndiye uko mjini. Picha ni kazi yako." Baada ya hapo hatukuongea sana. Hatukugombana. Maneno yaliisha tu, kama sukari inavyoisha ukiwa umezoea kuiona koponi.

Basi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu ya uso.

Kila mwezi nilikuwa napeleka viatu Kakuma, na ndani ya kambi ya wakimbizi, sokoni, palikuwa na mwanaume mmoja wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha picha. Alikuwa mrefu hadi akaondoa bati moja la dari juu ya kiti chake. Kazi yake kubwa ilikuwa kuunganisha watu. Mama mmoja analeta picha ya pasipoti ya mwanawe aliyeko Juba, nyingine ya mume aliyebaki Khartoum, nyingine ya binti aliyepelekwa Australia; yeye anawaketisha wote pamoja kwenye sofa la kijani. Hilo sofa alilipiga picha katika ofisi fulani siku aliyokuwa akisubiri kuitwa. Nadhani nusu ya kambi imekaa juu yake, na hakuna aliyewahi kulikalia. Kwenye kompyuta alikuwa na mahali pa makoti, mahali pa mashati, mahali pa maua, na mahali pa mikono, kwa wale ambao picha zao zimeishia kifuani.

Nikamwonyesha picha ya Kalokol.

"Elfu tatu," akasema.

"Kwa nusu ya uso? Nusu ya elfu tatu ni elfu moja na mia tano."

"Dada, nusu ile iko ni rahisi. Wewe unalipa nusu ile haiko."

Hoja ilikuwa nzuri, na ikaniudhi. Nilimshusha hadi elfu mbili. Halafu, nikiwa tayari na mkono mfukoni, hesabu nyingine ikanijia: nikinunua vifaa vyangu mwenyewe, picha ya mama itakuwa ya bure, na juu yake nitapiga watu wote wa Lodwar picha za pasipoti. Nilimwambia. Akanisukumia karatasi.

"Sawa. Chukua kalamu. Pesa ya kwanza weka kwa skrini. Ya pili, memori ya kompyuta. Kamera, mwisho kabisa."

"Picha bila kamera?"

"Mama yako iko kwa karatasi tayari. Unataka kupiga nani?"

Niliandika.

"Na programu ya picha?" nikauliza.

"Iko moja ya bure. Nakuwekea kwa flashi saa hii."

"Ya bure kiasi gani?"

"Bure, dada. Bure ni bure."

Hapo ndipo nilipoacha kumwamini. Kitu kisicho na bei sijui pa kukishikia. Huwezi kukishusha, na muuzaji hawezi kuapa kwamba unamuua.

Nilirudi Lodwar na orodha yake, nikainunua kuanzia chini kwenda juu. Kamera ndiyo niliyoanza nayo. Zilikuwa mbili dukani, moja ya megapikseli kumi kwa elfu tisa, nyingine ya kumi na sita kwa elfu kumi na moja na mia tano. Niligawanya juu ya kiganja. Ya kwanza, kila megapikseli ni mia tisa. Ya pili haifiki mia saba na ishirini. Nilitoka pale najiona nimeibia mtu. Megapikseli ni nini, sikuwa najua, lakini nilizipata kwa bei ya jumla.

Kompyuta niliipata kwa mtu mwingine, elfu kumi na nne na mia tano, na kwa sababu memori ilikuwa kidogo alinipunguzia mia tano, nikafurahi kwamba ni kidogo. Skana ilitoka kwenye ofisi iliyokuwa ikifunga, elfu sita. Printa nilinunua mpya, kumi na tatu, wino ukiwa kando, na wino ule hadi leo naweza kukwambia ulikuwa elfu nne na mia nane kwa sababu uliniuma kuliko mazishi. Sidii ya programu, nakala ya wizi, mia tano. Nilikataa hadi muuzaji akaongeza nyingine ya kuhariri video juu yake. Ya video sijaifungua.

Skrini ilikuwa ya mwisho, na pesa zilikuwa zimebaki kidogo.

"Elfu sita, mama wa viatu," mwenye duka akasema.

"Mbona ina rangi ya bluu?"

"Hiyo ni baridi ya kiwanda. Ikipata joto inaisha."

"Hapa Lodwar? Basi ingekuwa imeiva zamani. Elfu tatu."

"Utanifanya nilale njaa."

"Tatu na mia tano, ule mayai."

Aliifunga kwa gunia. Hakunisindikiza hadi mlangoni, na kawaida hiyo kwangu ni dalili kwamba nimeshinda.

Vifaa vilipokaa mezani, nyuma ya rundo la viatu, hakuna kilichomjua mwenzake. Skana ilikuwa ya kizazi kingine. Kompyuta iliitazama kama mgeni asiye na barua. Nilipanda gari hadi Kakuma kwa ajili ya hiyo tu. Fundi hakunicheka. Alinitilia kwenye flashi kile kipande cha programu kinachoitambulisha skana, bila pesa, na nikapokea bila kusema neno juu ya bure.

Programu ya wizi ilichukua dakika kumi na moja kufunguka. Nilipima tena kesho yake, zikawa kumi na mbili. Umeme wa mji ukikatika katikati, unaanza upya. Nilifanya kazi asubuhi, kabla ya joto, maana mchana kompyuta ilivuma kama mashine ya kuchomelea vyuma na kuzima yenyewe. Nilifuta vumbi la ile picha doa kwa doa. Nilifuta mashua. Niliwafuta wale wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila nilipomfuta mmoja nilihesabu waliobaki, ingawa nilijua.

Halafu nikafanya nililoona ni ujanja. Nilikata upande wa uso unaoonekana, nikaugeuza, nikaupandisha juu ya kivuli. Mama akapata pande mbili. Uso ulikuwa mpana kidogo, kama umepigwa pasi, lakini ulikuwa mzima. Kwenye skrini rangi yake ilionekana baridi, ya kijivu. Nikaongeza wekundu. Bado. Nikaongeza manjano. Wekundu tena. Mwishowe alionekana kama mtu. Nikachapa.

Karatasi ilitoka na mwanamke mwekundu kama kichuguu.

Nilichapa tena nikidhani ni printa. Wawili wekundu. Nikawaweka mezani sambamba, nikaenda mbele kumuuzia mtu malapa.

Fundi wa Kakuma aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Huyu ni nani?"

"Mama."

"Alikuwa na homa?"

"Ni wino."

"Hapana wino. Skrini yako inasikia baridi, na wewe unamfunika mama blanketi nyekundu. Unamfunika, unamfunika. Kwa karatasi hakuna baridi. Inabaki blanketi peke yake."

"Kwa hiyo ninunue skrini nyingine?"

"Nilikwambia siku ya kwanza."

"Uliniambia, ndiyo. Hukuniambia kwa nini."

"Dada, wewe ulikuwa unauliza bei. Hakuna siku uliuliza kwa nini."

Nilimpa zile elfu mbili. Hakuomba zaidi, na sikuomba apunguze. Nadhani sote tulishangaa kidogo.

Kwake umeme ulitoka kwa jirani mwenye jenereta, ukilipiwa kwa idadi ya taa, kwa hiyo alizima balbu ili kompyuta ipate haki yake. Aliifungua picha kwenye skrini nzuri, akautupa ule upande niliougeuza bila hata kuniuliza.

"Kaa pale," akasema, akionyesha stuli karibu na mlango. "Geuza shingo. Zaidi. Kalas, imetosha, baki hivyo."

"Mimi tena wa nini?"

"Mtoto ndiyo spea. Hapa kambini wazee wengi wako na midomo ya watoto wao. Hakuna mtu analalamika."

Alinipiga picha. Kwa kamera yake, si yangu ya megapikseli kumi na sita. Yangu alisema ni nzuri kwa kupiga milima. Halafu akachukua shavu langu la kushoto, jicho langu la kushoto, nyusi, akazivika kivuli, akazizeesha, akapaka rangi ya mama kutoka upande wa kulia. Ilimchukua kama saa moja na chai mbili. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Niliona jicho langu likihama kutoka kwangu, likaketi mahali pake, likakaa kimya.

"Yupo," akasema.

Alikuwepo. Aliangalia mbele, kichwa kimegeuka kidogo, midomo imefungwa juu ya pengo la meno mawili ya chini aliyong'olewa utotoni, kama ilivyo desturi yetu. Nilingoja kitu kije. Kwenye kibanda kile nilikuwa nimeona akina mama wakipiga magoti mbele ya skrini, wakiimba. Mimi nilihesabu vifungo vya gauni. Vinne. Nikahesabu tena, vinne.

Aliniwekea picha mbili kwenye flashi. Moja aliisafisha tu, akaacha kivuli kama kilivyokuwa. Nyingine ilikuwa kamili.

"Hii ni ya ukweli," akasema, "na hii ni ya kutundika. Usiguse rangi. Ukiona bluu, funga macho, chapa."

Nilifanya hivyo hivyo, kwanza kwa karatasi ndogo. Zilipotoka zilikuwa nyeusi vizuri, rangi ya mama, rangi yetu.

Ibada ilikuwa imebakiza siku tisa. Mama mdogo, mdogo wake mama wa kuzaliwa naye, aliingia kutoka Lorugum kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, kuja kusaidia mapishi. Hasemi Kiswahili, maneno yake nayaweka hapa kama nilivyoyasikia kwa Kiturkana. Tulisalimiana, ejok, ejok, akanywa maji, akaketi juu ya gunia la viatu. Nikampa ile picha kamili.

Aliishika mbali, akaivuta karibu, akaishika mbali tena. Akacheka kidogo.

"Huyu anaona."

"Ni dada yako, mama mdogo."

"Uso ni wake. Ngozi ni yake. Lakini huyu anaona kwa macho yote mawili, kama mchuuzi." Akanitazama mimi, kisha picha. "Na la kushoto limeshaanza kuniuliza bei."

Sikuelewa. Kweli kabisa, sikuelewa, hadi alipoweka kidole juu ya jicho lile na kusema, "Lake liko wapi?"

Ndipo nikakumbuka. Mama alikuwa na jicho bovu. La kushoto. Lilimshika tangu usichana, ule ugonjwa uliowashika wanawake wengi wa huku, kope zinageuka ndani na kukwaruza. Lilikuwa dogo, jekundu, halikukauka hata siku moja. Nilizaliwa nikalikuta. Niliishi nalo kila siku ya maisha yangu, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimeushughulikia uso ule, nikiukata na kuugeuza na kuupaka, na jicho lile halikunijia hata mara moja. Ujanja wangu ulikuwa umempa macho mawili mazima, nikaona ni sawa. Fundi akampa la kwangu, nikaona ni sawa zaidi. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimelisahau.

Nikampa picha ya pili, yenye kivuli.

Mama mdogo hakucheka. Aliipangusa kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi.

"Umeona alivyogeuza shingo? Wewe unadhani ni jua. Si jua. Tangu aanze kuumwa hakumpa mtu upande ule. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, kushoto kabisa. Akiona kamera, shingo inaenda yenyewe. Kivuli hicho alikitafuta yeye."

"Kwa hiyo niweke hii?"

"Ukiweka hii, watu watauliza kwa nini umeleta nusu ya mama yako na una mashine nne nyumbani."

"Basi niweke ile nyingine."

"Ukiweka ile, watafurahi, watasema amepona. Na itakuwa wewe ndiye umekaa pale mbele ukitutazama."

"Mama mdogo, chagua moja. Nataka kukata karatasi. Zimebaki mbili kubwa."

"Mimi siwezi. Hata mimi alinificha." Akazirudisha zote mbili mikononi mwangu, akazipanga kingo zikalingana. "Nyinyi mlipokuwa wadogo hakuwaficha. Wewe ulikuwa mgongoni, hukuona kitu. Kaka yako ndiye alikuwa anasimama mbele yake na ncha ya kitambaa, anamfuta. Kila asubuhi, kabla ya kwenda na mbuzi. Muulize yeye."

Akaenda uani kuchambua mchele.

Kaka yangu na mimi tulikuwa hatujaandikiana tangu sikukuu, na hiyo ilikuwa ni salamu ya kutumiwa watu wote. Nilikaa nyuma ya viatu. Simu ilikuwa na pesa za ujumbe mmoja, kwa hiyo niliuandika kwanza kwenye karatasi, nikaupunguza, kisha nikaunakili neno kwa neno:

"Kaka, ejok. Ibada ni Jumapili ya wiki ijayo. Nina picha mbili za mama. Moja amegeuka, upande wa jicho ni kivuli. Nyingine ana macho mawili, lakini la kushoto ni langu. Mimi nililisahau lile lake. Mama mdogo anasema wewe ndiye uliyekuwa unamfuta. Niambie lilivyokuwa, na uniambie nichape ipi."